Mchonga Funguo wa Langoni na Ufunguo Asioukumbuka

Asubuhi, kabla wanafunzi hawajaanza kumiminika madarasani, Mama Funguo anafuta meza yake iliyo langoni mwa chuo kwa kitambaa chenye mafuta. Anaikaza mashine kwa skrubu, kisha anatoa kwenye mkoba kipande cha chuma kilichopinda na kukichomeka ubavuni mwake. Ndio mkono wa kuizungushia. Bila huo, mashine haichongi kitu.

Mteja wa kwanza ni msichana wa mwaka wa kwanza. Amenunua kufuli jipya na anataka ufunguo wa ziada kwa ajili ya mwenzake wa chumbani. Hakai kwenye benchi. Amesimama ameinamia meza, macho hayabanduki kwenye mikono ya mama huyu.

"Mama, unachonga mmoja tu?"

"Umelipia mmoja, binti yangu."

"Na ukiharibika?"

"Nauvunja ukiona. Nachonga mwingine."

Ufunguo haukuharibika. Msichana anaupokea, halafu anakusanya kwa kiganja unga wa shaba uliodondoka mezani, anaumimina kwenye karatasi, anaikunja na kuitia mfukoni.

"Sasa hata vumbi linapelekwa nyumbani," anasema fundi viatu anayefanya kazi meza ya jirani. "Kesho watadai na jasho lako, jirani."

Mama Funguo hacheki.

Ni mjane aliyevuka miaka hamsini. Mashine aliachiwa na mumewe, na kazi alifundishwa na huyo huyo mumewe wakati akiwa amelala kitandani na hawezi tena kusimama. Kwa mashine hiyo amesomesha watoto wawili. Ufunguo mmoja unaleta bei ya mkate. Siku njema alikuwa akichonga kumi, siku mbaya tatu, na siku ya mvua alirudi nyumbani kama alivyotoka.

Siku hizi hana siku mbaya. Tangu binti mmoja auawe ndani ya bweni, chuo kizima kinabadilisha vitasa.

"Nakula hofu ya watoto wa watu," anasema. "Nashiba, lakini chakula chenyewe hakishuki."

Binti huyo alikuwa mwaka wa mwisho, akisomea ualimu. Wenzake walimkuta chumbani kwake amekwisha kufa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na kitasa hakikuwa na hata mkwaruzo. Aliyeingia alikuwa na ufunguo.

Habari hiyo ya kitasa ndiyo iliyowatia watu wazimu. Mwizi akivunja mlango, watu wanajua wamwogope nani: wanamwogopa mgeni. Mlango usiovunjwa unakufanya umtazame unayekula naye. Vijana waliokuwa wakiazimana mashati waliacha. Waliokuwa wakilala vyumba viwili walihamia kimoja, na hata humo, fundi viatu anasema, kila mmoja alilala na viatu vyake chini ya mto.

Kisha polisi wakamkamata Fundi Taa.

Ni kijana aliyekuwa akitengeneza umeme wa mabweni: taa, soketi, mara nyingine pasi za wanafunzi kwa malipo ya chai. Ndani ya sanduku lake la vifaa kulikutwa ufunguo unaofungua chumba cha marehemu. Yeye alisema alipewa zamani, ndani ya fungu la funguo nyingine, aende kurekebisha soketi, na akasahau kuurudisha. Ofisi ya mabweni ilisema haikumpa.

Siku hiyo langoni palikuwa kama sokoni. Picha yake ilipita kutoka simu hadi simu.

"Uso wa muuaji unauona tu," alisema kijana mmoja.

"Juzi ulikuwa unamwita akutengenezee pasi," mwenzake akamjibu. "Huo uso ulikuwa wapi?"

Wapo walioimba kwa furaha. Wapo waliosema wamekamatwa dagaa ili papa waogelee. Mama mmoja muuza matunda alisema hajui kama ndiye, ila toka zamani hakumpenda, kwa kuwa alikuwa mpole mno. Lisemwalo lipo, alimalizia, na hakuna aliyemuuliza ni nani aliyelisema kwanza.

Mama Funguo aliendelea kuchonga mezani kwake. Alidhani yamepita. Hakujua kwamba yanamjia.

Ana kawaida moja aliyorithi kwa mumewe. Kila ufunguo anaouchonga, anaugonga kichwani kwa msumari, vitone viwili kando kwa kando. Ufunguo ukigoma kwenye kitasa, mteja aurudishe, utasawazishwa bure. Zamani watu walikuwa wakimletea funguo zilizochongwa kwingine wakidai ni zake. Alama ilimaliza ubishi.

Askari mpelelezi alikuja na mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na ufunguo mmoja, ule uliokutwa sandukuni mwa Fundi Taa.

"Huu umechonga wewe?"

"Naona alama yangu. Ni wangu."

"Nani aliuleta ule wa mfano?"

"Sikumbuki."

Anaeleza kwamba si ujeuri. Mumewe alimfundisha kuwa ufunguo hauulizwi ukoo. Mtu anakuja, anakupa, unachonga, anakwenda. "Mimi nilikuwa natazama meno," anasema, akiinua ufunguo mmoja kwenye mwanga. "Meno naweza kukwambia niliyaonaje. Uso wa mtu sikuwa na kazi nao. Kila usiku nageuza kichwa changu kama mfuko, nakung'uta, hautoki uso."

Habari hazikai mfukoni. Kufikia jioni ya siku ile chuo kizima kilijua kwamba ufunguo ulitoka mezani kwake. Wengine wakaanza kwenda kwa mchonga funguo wa upande wa pili wa mji. Waliobaki wanakuja, lakini wanakuja na macho.

Na wapo wanaokuja na maneno. Mlezi wa bweni, mwanamke aliyekuwa hampi hata salamu, siku hizi anasimama kila anapopita.

"Anasema, mama, wewe sema tu ni yule kijana. Mtu amekwisha kukamatwa, unaogopa nini? Sema tupumzike." Mama Funguo anashusha sauti. "Mimi sijasoma sana. Ila mtu akikuhimiza sana ukumbuke jambo, nawe umtazame yeye anataka lisahaulike lipi."

Anamshuku, basi?

"Sijasema hivyo. Usiandike kwamba nimesema hivyo." Anapiga tupa mara mbili tatu. "Pengine ana uchungu tu. Wasichana wale ni kama wanawe. Unaona ubaya wake? Mtu hawezi tena kuwa na uchungu bila kutiliwa shaka."

Dada yake Fundi Taa naye alikuja. Alileta kufuli zima, lisilo na kasoro yoyote, akaliweka mezani na kuketi kwenye benchi. Alikaa mpaka adhuhuri. Alipoondoka alisema neno moja tu: "Kumbuka vizuri, mama."

Kwa hiyo kila mtu anataka kumbukumbu, na kila mmoja ameshaishona kwa kipimo chake.

Lakini shaka kubwa iko karibu zaidi. Fundi viatu anapoinuka kwenda msalani, Mama Funguo anasubiri mpaka apotee nyuma ya ukuta, ndipo anasema. Kwa miaka yote waliyokaa pamoja, yeye akienda kula, jirani huyo ndiye alikuwa akiangalia meza. Mteja akija, alipokea ufunguo. Mara nyingine, mteja akiwa na haraka, aliuchonga mwenyewe na kugonga vitone.

"Nilimuuliza. Akasema naye hakumbuki. Nikamwamini. Halafu nikafika nyumbani, nikaacha kumwamini. Asubuhi nikamwamini tena." Anashika mkono wa mashine. "Sasa huu natembea nao."

Fundi viatu si mjinga. Akirudi anaketi, anavuta kiatu alichokuwa akikishona, na kusema kwa sauti ya kusikika: "Jirani yangu siku hizi akienda chooni anabeba mkono wa mashine. Nafikiri kule kuna mlango mgumu."

"Wewe nawe," anasema Mama Funguo.

"Mimi nimeshona viatu vya wezi wangapi? Hakuna aliyekuja kuniuliza walikimbilia wapi."

Wote wawili wanarudi kwenye kazi zao. Zamani, wanasema wapita njia, meza hizi mbili zilikuwa na kelele kuliko darasa lisilo na mwalimu.

Amejiwekea sharti jipya, na kwa sharti hilo amekwisha kupoteza wateja. Kila anayeleta kitu chenye kufungwa anamuuliza mambo mawili: ni cha nani, na mwenyewe yuko wapi. Mwenyewe asipokuwapo, hachongi. Mwanafunzi mmoja alimwambia hiyo ni kazi ya polisi. Akamjibu kwamba polisi hawachongi funguo.

Saa sita, jua likiwa limeshapanda juu ya meza, anafika mwanamke wa makamo aliyevaa khanga moja na kujitanda nyingine. Amebeba sanduku la bati la mwanafunzi. Analiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Lina kufuli, na halina ufunguo.

"Naomba unifungulie."

Mama Funguo anauliza kama anavyouliza kila mtu. "Ni la nani, dada?"

"La mwanangu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mwanamke yule analishika lile kufuli. Wanafunzi wawili waliokuwa wakisubiri zamu yao wanatazamana, na mmoja anamvuta mwenzake nyuma.

"Mwenyewe nimemzika," anasema.

Chuo kilikuwa kimemkabidhi vitu vya binti yake asubuhi hiyo. Ufunguo wa sanduku haukuonekana. Langoni alielekezwa kwa fundi wa upande wa pili wa mji, akaambiwa kwa nini asije hapa. Akaja hapa.

Mama Funguo ameinuka. Hajui aweke wapi mikono. "Dada, nisamehe. Sikujua. Nauliza kila mtu siku hizi."

"Ungeuliza zamani," anasema yule mama. Hasemi kwa ukali. "Ndiwe uliyechonga ule?"

"Ulitoka mezani kwangu."

"Aliyeuleta unamkumbuka?"

"Simkumbuki. Wallahi, dada, ningemkumbuka ningekuja kwako kwa miguu kabla ya kwenda polisi."

Mama wa marehemu anamtazama kama wanavyomtazama wote, jicho likitafuta pa kuingilia. Kisha anaketi kwenye benchi, mahali ambapo siku hizi hakuna anayeketi.

"Nimekutana na watu tangu nishuke kwenye gari. Kila mmoja anajua," anasema. "Mmoja anajua ni yule kijana. Mwingine anajua si yule kijana. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui. Nifungulie."

Kufuli lisilo na ufunguo lina njia yake. Mama Funguo anachukua ufunguo usio na meno, anauchomeka, anaugeuza kwa nguvu kidogo, anautoa. Anautazama kwenye mwanga, anatafuta mikwaruzo iliyoachwa na chuma cha ndani. Palipokwaruzwa anapiga tupa. Anarudia. Watu wameanza kuzunguka.

"Umeona?" ananong'ona mmoja. "Kumbe hahitaji hata wa mfano."

Mama Funguo amesikia. Tupa inasimama kidogo, kisha inaendelea.

Wakati huo fundi viatu ameinama chini ya meza yake. Anatoa mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko viatu vya wazi vya kike, vya kahawia, vyenye mkanda mpya. Anavipangusa kwa mkono wa shati na kumpelekea yule mama.

"Alivileta nimbadilishie mkanda. Alikuwa hanilipi mpaka avivae kwanza, anasema huenda nimemshonea vyote mguu mmoja." Anajaribu kutabasamu, anashindwa. "Vipo hapa toka siku ile."

Yule mama anavipokea kwa mikono miwili. Anavigeuza na kutazama soli, zilizolika upande wa kisigino.

Mama Funguo ameacha kazi. "Muda wote huu ulikuwa navyo, hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, jirani? Wewe unakwenda chooni na chuma. Ningetoa viatu vya marehemu chini ya meza yangu, ungefikiri nini?"

Mama Funguo anautazama mkono wa mashine uliolala juu ya mkoba wake. Hasemi kwamba anamwamini. Ila baadaye, alipokwenda kununua maji, aliuacha mezani.

Kesi itasikilizwa mwezi ujao, na ameitwa kuwa shahidi. Anasema amekwisha kuamua. Atasema ufunguo ni wake na aliyeuleta hamkumbuki, basi. Wapo watakaosema amenunuliwa na upande wa Fundi Taa, na wapo watakaosema amenunuliwa na chuo. Tumaini lake si kubwa: anataka atoke mahakamani arudi mezani, na asiwe amempeleka mtu jela au kumtoa jela kwa uso aliouzua kichwani. "Na kama uso utarudi wenyewe," anasema, "hata miaka ikipita, nitakwenda kuusema. Siku hiyo ndiyo naiomba."

Kufuli linalia na kufunguka. Mama wa marehemu hafunui sanduku. Mama Funguo analifunga tena kufuli, analifungua, analifunga, kuhakikisha. Yule mama anatia viatu kwenye mfuko wake na kunyoosha mkono apewe ufunguo.

Mama Funguo ameulaza juu ya chuma, msumari mkononi, nyundo imeinuliwa. Inabaki juu. Ni kama anaviona vitone vyote alivyogonga maishani mwake, kisha anaishusha nyundo polepole pembeni.

"Huu nitakupa hivi hivi," anasema.

"Weka alama," anasema yule mama.

"Dada—"

"Weka. Ukigoma, nijue pa kurudi."