Chuma Ndani ya Paja la Mume Wangu

Mume wangu hajui Kiswahili. Ana lugha ya kwao na Kiarabu cha Juba, na hizo mbili zinamtosha kabisa, maana hata maneno yenyewe hana mengi. Mimi nililelewa Kitale wazazi wangu walipokuwa wakimbizi, nikarudi huku Juba na Kiswahili changu na mdomo usiolala. Sokoni Jebel, ninapouza chai na mandazi, nabishana na Waganda na Wakenya kutwa nzima. Kwa hiyo tukienda mahali pa hao wenzangu, mimi ndiye ninayemsemea.

Paja lake la kushoto lina kipande cha chuma tangu vita. Kadogo tu, kama punje ya hindi, alivyonionyesha kwa ncha ya kidole. Aliyemtibu wakati ule alimwambia akiache, na kweli kilikaa kimya miaka na miaka. Kisha nyonga ikaanza kumuuma. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye hoteli moja mtaa wa Thongpiny, kazi ya kusimama tangu asubuhi, na siku zikafika akawa anashika ukuta kama mlevi. Mkubwa wake akamwambia apumzike nyumbani mpaka mguu upone. Sisi wote tunajua maana ya maneno hayo. Mguu usipopona, kazi imekwenda, na mwanamume yule bila kazi ni mtu wa kukaa kwenye kiti na kutazama ua.

Jirani yangu wa kibanda, Mganda anayeuza vitunguu, ndiye aliyeniambia habari za mashine ya joto. Kuna zahanati ndogo hapo chini, akasema, wana umeme wa kutia joto mpaka kwenye mfupa. Mgongo wake ulikuwa umekufa, sasa anabeba magunia. "Lakini ukisema iko na chuma mwilini, hawakutaki," akaongeza. "Shemeji yangu walimrudisha." Hakunituma kudanganya, Mungu ni shahidi. Alikuwa anapiga domo tu huku akimenya vitunguu, na mimi nikaondoka na neno moja kichwani.

Mwenye mashine alikuwa jamaa wa Kampala, mpole, anaongea kama anayembembeleza mgonjwa alale. Akamvua mume wangu saa na mkanda, akanigeukia.

"Mama, huyu mzee iko na chuma ndani ya mwili? Risasi, ama misumari ya mfupa, ama kale kamashine ka moyo?"

Sikumtafsiria. Mume wangu alikuwa anatazama ukuta, hajui hata kama ameulizwa kitu.

"Hakuna," nikasema.

"Sawa. Basi mwambie, akisikia moto mingi, aseme. Asivumilie."

Hilo nililitafsiri, neno kwa neno, na nikacheka. Lazima nieleze kwa nini. Kwenye paji la uso la mume wangu kuna mistari sita ya makovu, kutoka sikio hadi sikio, alama ya kwao ya kijana kuwa mwanamume. Walimkata akiwa macho, amelala chali, baba yake amesimama pembeni. Kijana akitikisika, mstari unapinda, na kila atakayemtazama mpaka siku ya kufa kwake ataona aliogopa. Mistari ya mume wangu imenyooka. Mtu wa namna hiyo, aulizwe kama anasikia moto! Nikamwambia yule Mganda wa mashine, tena kwa maringo, "Huyu usiwe na wasiwasi naye." Mjinga mimi. Mjinga wa kutupwa.

Mashine ilikuwa na mikono miwili yenye visahani, kimoja upande huu wa paja, kimoja upande ule, na taulo katikati. Nilidhani atarushwa, kama unavyorushwa na waya wa jenereta. Wapi! Ilivuma tu. Mganda akanieleza kwamba umeme huu unakwenda na kurudi mara nyingi mno kwa sekunde moja, kwa hiyo mwili haupigwi shoti, unapata joto tu kwa ndani. Baada ya muda nikaona jasho limejaa kwenye ile mistari. Nikampangusa kwa leso yangu.

"Vipi?"

"Tamam," akasema.

"Anasema sawa," nikamwambia Mganda.

Tulikwenda mara nne. Baada ya ile ya kwanza alitembea vizuri kidogo, nami nikatangaza soko zima. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo tu, hata lengelenge hakuna. Wiki moja baada ya ile ya nne paja likavimba, likawa gumu, homa ikampanda, na siku moja mchana likapasuka lenyewe. Harufu ile sitaisema. Ndipo akaniambia kwamba tangu siku ya kwanza kulikuwa na kitu kinamchoma ndani kabisa, mahali pamoja.

"Na hukusema! Kwa nini hukusema, wewe mwanamume?" Nilimpigia kelele mpaka majirani wakaja.

Akanitazama kwa mshangao. "Nilie mbele ya mgeni?"

Daktari wa hospitalini alikuwa Mkenya. Akaonyesha picha, chuma kile cheupe katikati ya giza. Akasema umeme wa aina ile ukikuta chuma, joto linajikusanya hapo, kama kijiko kilichosahauliwa ndani ya sufuria ya uji jikoni. Hakuapa kwamba ni mashine. Huenda ni uchafu wa zamani ulioamka, alisema, lakini nyama ya kuzunguka chuma imekufa kama iliyopikwa, na mfupa umeshaoza. Ama wakate mguu juu ya hicho chuma, ama homa imchukue.

Kisha akauliza, kwa hasira ya mtu aliyechoka, "Kwani hapo zahanati hamkuulizwa kama ana chuma? Huwa wanauliza. Nani alijibu?"

Mume wangu akanigusa mkono. "Anasema nini?"

Nilikuwa na nafasi. Woi, nilikuwa nayo, imenikalia ulimini. Uoga ukanishika.

"Anasema ile mashine ilikuwa mbovu," nikamjibu. "Anasema wanataka kukata mguu."

Hakutikisika. Akaushika mkono wangu vizuri, jambo ambalo hafanyi mbele za watu.

"Kama ningekuja peke yangu, wangenifanya ng'ombe," akasema. "Afadhali nina wewe. Wewe unajua kusema nao. Mwambie vile unavyoona."

Nikamwambia daktari akate.