Jina Langu Kwenye Nafasi ya Namba

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na si kwa uzuri wake. Ilikuwa Jumapili mchana, hapa hapa Barking. Nimetoka kanisani, nimevua viatu, miguu nimeiweka juu ya stuli, maana wiki nzima nilikuwa nikiwanyanyua wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee na mgongo haukuwa wangu tena. Mlango ukagongwa. Alikuwa Furaha, rafiki yangu wa kazini, amesimama na koti lake la kanisani na barua mkononi. Hakunisalimu. Mkongo akikuona asikusalimu, jua kuna jambo.

Nakueleza haya kwa sababu juzi umeniambia umepata kadi yako ya kwanza ya mkopo, na nilipokuuliza unailipaje ukacheka: "Auntie, it's all online now." Sawa. Mimi nimechoka kubishana na mambo ya online. Lakini kosa langu halikuwa la mashine, kwa hiyo kaa usikilize.

Baba yangu, huko Old Moshi, alikuwa mwanachama wa ushirika wa kahawa. Karani akimwona anateremka na gunia lake, alikuwa ameshafungua ukurasa kabla mzee hajafika mizani. Sikuwahi kumsikia mtu akimwuliza baba namba. "Mzee Josephat kaleta," ilitosha, na malipo yalikuja. Nikakua nikijua hivyo ndivyo mtu mwaminifu anavyotendewa. Nikaja na akili hiyo mpaka Landani, nimeifungasha pamoja na vitenge.

Furaha ndiye aliyenipeleka kwenye chama cha kuweka na kukopa. Yeye alikuwa msafishaji pale pale nilipofanya kazi, mzaliwa wa Bukavu, mwanamke wa maneno machache. Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mazulia, na karani alikuwa Bi Doreen, mama wa Kijamaika mwenye sauti ya kwaya. Kila Jumamosi nikipanda zile ngazi na akiba yangu ananipokea kwa kelele, "Mama Neema, my darling!" Mwanangu, katika mji ambao jirani wa ukuta mmoja hajui jina lako, unajua kuitwa hivyo kunafanya nini kwa mtu? Nilivimba kichwa.

Chama kikaanza kutoa kadi za mkopo. Nami nilitaka mashine ya kufulia, maana nilichoka kubeba mifuko ya nguo kwenye basi. Kadi ilihitaji mdhamini, na Furaha akasaini. Maana ya saini ile ni kwamba nisipolipa, akiba yake inazuiwa. Na akiba ile kila mtu aliijua ni ya nini. Alikuwa na mtoto, Amani, aliyemwacha kwa dada yake akiwa na miaka tisa. Sasa walikuwa Nairobi, na karatasi zake za kuja kwa mama zilikuwa njiani. Furaha alikuwa akiweka nauli ya Amani pauni tano tano, za kufagia.

Mshahara wangu mimi uliingia benki nyingine kabisa, benki kubwa iliyoko barabara kuu. Kwa hiyo badala ya kupanda ngazi za chama, nikaanza kulipa kadi kutokea huko. Unajaza fomu kaunta, benki inapeleka, zinafika baada ya siku tatu au nne za kazi. Barua ya chama ilisema waziwazi: andika namba yako ya uanachama kwenye fomu. Niliisoma. Kusoma nilijua. Lakini nilipofika kwenye ile nafasi, moyo ukagoma. Namba ni ya mgeni, nikasema, mimi nina jina. Nikaandika: "Mama Neema, ahsanteni."

Binti wa kaunta akaniuliza, "Is that your reference?"

"Yes, my dear. They know me."

Nikafanya hivyo miezi mitatu. Na kwa kuwa nalipia benki, Jumamosi nikawa siendi tena. Sikujua kwamba Bi Doreen amestaafu. Barua za chama zilikuja, nikazitia kwenye kopo la biskuti bila kuzifungua, nikisema hizi zinatumwa na mashine kwa kila mtu, mimi nimelipa, na wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Nilisahau kwamba wazee haohao walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi Jumapili ile Furaha akanyoosha barua.

"Dada, njo nini hii? Wanasema hulipake. Nimeenda kutosha makuta ya tikiti ya Amani, wanasema imefungwa. Juu yako." Kwao makuta ni fedha, na kutosha ni kutoa.

"Furaha, nimelipa! Kila mwezi!"

"Basi iko wapi?"

Viza ya mtoto ilikuwa imeshatoka, ina tarehe ya mwisho ya kuingia, na zilibaki siku kumi.

Jumatatu tukapanda ngazi zile pamoja. Nilikuta kijana nisiyemjua mbele ya kompyuta. Nikamwambia mimi ni Mama Neema. Akasema, "Member number, please?" Nikampa, kwa sauti ndogo. Alitafuta, akatafuta, kisha akafungua orodha ya fedha zilizofika bila mwenyewe. Zilikuwa pale. MAMA NEEMA AHSANTENI, mara tatu, zimepangana. Kijana wa watu akasema walidhani ni shirika la misaada lililokosea akaunti. Siku nyingine ningecheka.

Fedha zimeonekana, ndiyo, lakini kufungua akiba iliyozuiwa kulihitaji kamati ikae, na kamati ilikaa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilimwomba yule kijana mpaka nikaona aibu. Nikazunguka kwa Watanzania wote niliowajua, kutoka Barking mpaka Harrow, nikapata nusu ya nauli. Nusu ya nauli haimtoi mtoto Nairobi. Alhamisi ile kamati ilipokaa, viza ilikuwa imekufa tangu jana yake.

Tulitoka ofisini tukasimama kituo cha basi. Nikaanza kujieleza: ushirika wa baba, Bi Doreen, jina. Furaha akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema neno moja, bila ukali wowote, na ndiyo maana linaniuma hadi leo:

"Weye ulitaka wakujue. Miye nilitaka mutoto wangu tu."

Basi lake likaja, akapanda.

Karatasi za Amani zilianza upya. Ulipita mwaka na miezi minane. Nauli ya safari hiyo nililipa mimi, na hapana, usinisifu, hiyo haikurudisha kitu. Nilikwenda na Furaha uwanja wa ndege kumpokea. Yeye alikuja na jaketi alilolinunua zamani, la mtoto. Mlango ukafunguka, akatoka kijana mwenye sauti nzito na ndevu zinazoanza, na mama yake alipotaka kumshika kichwa ikabidi ainue mkono juu. Jaketi likabaki kwenye mfuko. Nilisimama kando kama mwizi. Furaha akageuka, akaniona, akaniambia, "Dada, kamata begi." Nikalikamata. Hatujazungumza habari ile tena, na kila Krismasi ananiletea sombe, kisamvu cha kwao.

Mwanangu, sikuelezi haya ili uiogope kadi. Unapolipa kutoka benki moja kwenda kwingine, fedha haina mdomo wa kujieleza. Inafika na kile ulichoiandikia tu. Andika namba wanayotaka, kama wanavyoitaka. Peleka mapema, maana tarehe ya kutuma si tarehe ya kufika. Kisha piga simu uulize kama wameipata, hata wakikuona msumbufu. Barua ifungue siku ile ile, hasa ile usiyotaka kuifungua. Na kama yupo mtu aliyeweka saini chini ya jina lako, kila mara kabla hujalipa mfikirie yeye kwanza, na mtoto wake. Heshima yako itakusubiri nyumbani. Kule kaunta usiitafute, mimi niliitafuta na aliyelipa ni Amani.

Sasa niletee hizo karatasi zako tuangalie ile namba. Mungu akupe mkono mwepesi wa kulipa na jicho la kusoma hadi mstari wa mwisho. Akupe rafiki wa kukudhamini, na akujalie asijute hata siku moja kwamba alikusainia. Amina.