Hodi ya Mama wa Sindano

Hapa Garsen, mama wa sindano, anayetibu kwa sindano nyembamba za Kichina, hachomi mtu kabla ya kupiga hodi. Humshika mzee Adano kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza mlangoni, kisha hunong'ona, "Hodi," mara tatu. Asipojibiwa, hudunga. Kucha zake amezikata hadi nyamani, na majani ya Kichina anayoyachoma karibu na goti hutoa moshi unaomkumbusha Adano vibuyu vya maziwa vikifukizwa nyumbani. Kiharusi kilimwachia uchovu mzito. Hata kutawadha tu humlaza chini.

"Huu uchovu ni mgeni, mzee," alimwambia siku ya kwanza. "Tutamtoa kwa adabu."

Adano alicheka. Leo, kwenye mguu uliokufa ganzi, mama yule alipiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu hakuipiga. Sindano ikabaki hewani. Alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa, na Adano hakuwa amefungua kinywa.

"Amesemaje huyo mgeni?" Adano akauliza.

Akairudisha sindano kwenye pamba, polepole, asimtazame.

"Mzee wangu, anasema mgeni ni wewe."