Aya ya Kurudi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika sekondari ya milimani kule Ibaba, wilayani Ileje, Mkuu wa Shule hakunionyesha darasa. Alinionyesha kijana aliyemaliza kidato cha sita, amekaa kwenye benchi na baba yake mkubwa.

"Mwalimu, Kiingereza chako kimenyooka," Mkuu akasema. "Huyu anaomba udaktari. Msaidie barua ya kujieleza."

Barua hiyo ni ukurasa mmoja ambamo mwombaji anaeleza yeye ni nani na kwa nini anataka kutibu watu. Vyuo vya binafsi vilipoanza kufunguliwa, wafadhili waliitaka pamoja na matokeo ya mtihani. Kwa watoto wa Ileje ilikuwa kazi ngumu, maana mtoto aliyelelewa vizuri hajisifu. Mkubwa ndiye humsemea. Kila nilipomwuliza kijana swali, baba mkubwa alijibu yeye. "Mtoto huyu ana huruma, mwalimu. Andika hivyo." Ilibidi nimwombe mzee akanywe chai kwa mke wangu, ndipo kijana akafungua mdomo, tena akiangalia chini.

Kazi nikaizoea. Aya ya kwanza, mgonjwa uliyemwona kwa macho yako. Katikati, masomo. Ya mwisho niliiita aya ya kurudi: nikihitimu, nitarudi kuwatibu watu wa kwetu. Wafadhili waliipenda mno. Nami niliipenda, kwa sababu niliiamini.

Nilihamishiwa Mlowo, kisha Tunduma, na sifa ikanitangulia. Mkuu wa Shule wa Tunduma, mama asiyependa maneno mengi, aliniuliza, "Mwalimu, wote hao uliowapeleka, nani amerudi?"

"Wako njiani, mama."

Akaendelea kusahihisha madaftari.

Mke wangu alifariki tukiwa hapo Tunduma, tukabaki wawili, mimi na binti yetu Atupele. Alipomaliza kidato cha sita, naye akaomba udaktari. Tulikaa mezani, malori ya mpakani yakinguruma nje, mpaka tukafika aya ya mwisho. Akaweka kalamu chini.

"Baba, hiyo siandiki."

"Watakunyima ufadhili, mwanangu."

"Wakininyima, basi. Nataka kusomea upasuaji wa moyo, na sijui kama nitarudi. Siwezi kuwadanganya wao, wala wewe."

Nilikasirika. Barua ilikwenda bila aya ile. Wakati wa kusubiri majibu, aliyekosa usingizi ni mimi. Alipata ufadhili. Nilimsindikiza stendi, na niliporudi nyumbani nikafungua mlango nikamwita, kwa mazoea.

Sasa nimestaafu, niko Nanyala. Vijana wangu ni madaktari katika miji nisiyoijua, na harusi zao naziona kwenye simu. Nawalaumu? Ndiyo, hasa jioni, ninaposonga ugali wa mtu mmoja. Upweke unauma, asikudanganye mtu.

Atupele hupiga simu kila Jumapili kutoka ng'ambo. "Baba, umemeza dawa ya presha?" Nimemeza. "Umepima?" Nimepima. Kisha tunanyamaza, na hakuna anayekata.

Jumapili iliyopita, katika kunyamaza huko, nilitaka kumwuliza atarudi lini. Nikakumbuka kwamba alishanijibu, pale mezani Tunduma, na ni yeye peke yake aliyenijibu kweli. Nikamwuliza kama huko aliko kuna baridi.