Mwalimu Sia Akataa Kukisifu Kitabu

Mwalimu Sia alitakiwa akisifu kitabu, basi. Maneno machache tu mbele ya mwandishi wake na wageni, kwenye ukumbi ule wa Ujiji ulio jirani na ufuko, kisha mkuu wake wa shule, Mzee Leodgar, aipitishe barua yake ya uhamisho, arudi Moshi kumuuguza mama yake. Tangu aletwe Kigoma kufundisha uchumi alikuwa akiisubiri saini hiyo.

Kitabu chenyewe kilisomwa nchi nzima. Chembamba, chenye lugha tamu, kikimwahidi kila mtu kuuelewa uchumi bila mwalimu. Sia alikisoma mara ya kwanza akacheka. Mara ya pili akapandwa na hasira. Kilisema hakuna binadamu anayemtumikia mwenzake bure, na kwamba wakimbizi walipomiminika Kigoma, kila mtu alijishikia chake. Aliyeandika hayo hakuwahi kukanyaga Kigoma kabla ya siku hiyo. Yaani mtu anakuandika bila hata kukupigia hodi!

"Sifia tu, binti yangu," Mzee Leodgar alimnong'oneza mlangoni. "Ulimi uliponza kichwa."

"Nimekusikia, Mzee," alijibu Sia, akapita.

Jukwaani hakusifu. Alisimulia ugeni wake: alinunua dagaa mbichi, akazianika mchangani kama wenzake. Wingu lilipotanda akaanua zake, akasimama pembeni, ameridhika. Verediana, mama aliyekimbia vita vya Burundi majuzi tu, asiye na dagaa hata moja pale ufukoni, alikuwa akikusanya za watu asiowajua, kanga yake imejaa. Akamgeukia Sia. "Mwalimu, mbona za wenzako unaziacha?"

"Naona haya mpaka leo," Sia aliwaambia wageni. "Hapa mvua ikija, aliye karibu anaanua. Haulizi ni za nani, halipwi, na hakuna mwenyeji wala mkimbizi. Mwandishi wetu kafundisha uchoyo, kauita uchumi!"

Mwandishi, aliyeketi mbele, akatabasamu. "Hiyo ni mila, mwalimu. Uchumi ni kitu kingine."

"Basi uchumi wako haujui watu wanavyokula."

Ngurumo ikapiga. Viti vikaburuzwa, wanawake wa nyuma wakatoka mbio, wakafuatwa na wa mbele, hata wenye suti. Mwandishi akasimama, uso umemshuka, akidhani amesusiwa. Sia hakujisumbua kumweleza.

Mzee Leodgar peke yake alibaki kitini. Aliitoa barua mfukoni, akaichana vipande viwili huku akimtazama. Sia alimkumbuka mama yake, na moyo ukamuuma kwelikweli. Lakini hakuomba radhi. Akavua viatu, akakimbilia ufukoni.

Matone yalikuwa yameshaanza. Dagaa za kwanza alizozifikia, ambazo hakuna aliyekuwa amezigusa, zilikuwa za mke wa Mzee Leodgar. Sia akatandaza kanga yake, akainama, akaanza kuanua.