Majivu ya Banda la Farasi

Wakubwa wangu shikamooni, na wadogo nawasalimu. Mimi ni Benedikti wa Katindiuka, ingawa wengi mnaniita Saisi. Si mtu wa maneno mengi. Nimezungumza na farasi kuliko nilivyozungumza na watu, na farasi hamkatizi mtu anaposema. Akina mama wa kliniki wameniomba nieleze ugonjwa ulionipata miaka ile kabla ya Uhuru, jinsi ulivyoanza na jinsi nilivyopona. Nitaeleza yote, hata ya aibu, maana aibu ndiyo yenye faida kwenu.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu, tena nilikuwa na kiburi. Ujana wangu niliumalizia milimani, upande wa Iringa, kwa mkulima mmoja Mzungu aliyefuga farasi. Nilikuwa saisi wake: kulisha, kuosha, kusugua manyoya, kukagua kwato. Alipofunga shamba kurudi kwao, alinipa jike mmoja mzee aliyeitwa Desi, akiwa na mimba. Nilishuka naye bondeni huku kwetu kwa miguu, nimemfunika magunia ili ndorobo, wale nzi wanaoua mifugo, wasimfikie. Kila niliyekutana naye njiani aliniambia mnyama huyo hamalizi masika. Desi aliyamaliza, akazaa dume. Tukamwita Karani, kwa sababu alitembea kichwa juu kama mtu mwenye kalamu mfukoni.

Riziki yangu ilikuwa mpunga, kama wenzangu wote. Farasi walikuwa furaha yangu tu. Watu walinicheka, wakasema hata ng'ombe angenipa maziwa. Sikujali. Niliwaweka mahali palipolimwa, penye uwazi, sikuwapeleka porini hata siku moja. Bandani mwao niliwasha moto wa mavi yao makavu, ukatoa moshi mzito kutwa nzima, na ndorobo waliukimbia. Majivu ya moto huo yalikuwa laini na meupe kama unga. Saisi mkuu wa kule milimani alikuwa akiyachanganya na mafuta na mavi mabichi kidogo, anapaka farasi aliyechubuka goti. Nami nilijifunza hivyo, nikajiona mganga kamili.

Jambo kubwa nyumbani kwangu siku zile nilipougua lilikuwa moja. Mimi na mke wangu Skolastika tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, akiwa na umri wa siku nane. Sasa Skola alikuwa mjamzito tena, amebakiza kama mwezi. Kila nilichokuwa nikimwomba Mungu ni huyu aishi. Mama mkwe wangu alihamia kwetu ili amzalishe mwanawe, kama alivyomzalisha mara ya kwanza.

Karani alipotimiza miaka mitatu nilianza kumfundisha kubeba mtu. Kazi hiyo haitaki haraka. Kwanza nilimzungusha kwa kamba ndefu, mpaka akajua sauti yangu ya kusimama na ya kwenda. Kisha nikamzoesha lijamu mdomoni, nimelipaka asali. Kisha nikamwekea gunia la pumba mgongoni, siku nyingi, mpaka akaacha kuligeukia. Mwisho nikalala juu yake kwa tumbo, miguu inaning'inia, nikashuka. Kesho yake tena. Siku aliyokubali nikae wima, tukatembea hatua ishirini, nililia. Sioni aibu kusema hivyo. Mwanamume mwenye shamba na nyumba nililia kwa sababu farasi amenikubali.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Asubuhi moja nilimpanda nikapita naye kwenye tuta la majaruba. Nilijua amezoea kamba, sauti na mzigo. Sikufikiri kwamba hajawahi kuona watu wakipiga mpunga. Kundi lilikuwa kwenye jamvi, fimbo zinapanda na kushuka kwa pamoja, makapi yanaruka. Karani akaruka pembeni kabla sijakaza hatamu. Nikaanguka juu ya mabaki ya dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, na mti wake uliovunjika ukanichoma kwenye shavu la mguu. Uliingia kiasi cha kidole kizima.

Niliuchomoa mwenyewe. Damu haikuwa nyingi, nikaona nina bahati. Skola alisema, "Nenda hospitali wakuoshe." Nikamjibu, "Mimi nimetibu farasi ishirini, nitashindwa na mguu wangu?" Nikaenda bandani, nikachukua majivu, mavi mabichi na mafuta, nikajaza tundu lile mpaka juu, nikalifunga kwa kitambaa. Baada ya siku tano ngozi ilikuwa imefunga. Nikamwonyesha Skola mguu, nikamtania kwamba hospitali waje kwangu wajifunze.

Siku ya tisa nilikaa kula wali, taya likagoma. Nilidhani ni jino. Jioni hiyo shingo ilikaza, na kumeza mate kukawa kazi. Kesho yake Skola alinikuta nimekaa kitandani nimetoa meno. Akasema, "Unacheka nini asubuhi yote hii?" Sikuwa nikicheka. Uso wangu ulikuwa umejivuta wenyewe na sikuweza kuurudisha. Mama mkwe aliangusha sufuria jikoni, na kwa mlio ule mwili wangu wote ukakaza. Mgongo ulijikunja kwa nyuma kama upinde, nikabaki nimegusa kitanda kwa kisogo na visigino tu. Niliung'ata ulimi, damu ikajaa mdomoni. Akili yangu ilikuwa timamu kabisa. Hapo ndipo ubaya wa ugonjwa huu ulipo, unaona na kusikia kila kitu.

Majirani walinibeba na kitanda changu mpaka hospitali ya misheni. Njiani kila aliyejikwaa aliniletea mshtuko. Daktari, Mzungu mzee aliyejua Kiswahili chetu, aliuliza mguu umetibiwa na nini. Skola akamweleza. Akaufungua mguu kwa kisu, akatoa usaha mweusi na vipande vya nyasi ambavyo farasi alikuwa amekula. Wakanichoma sindano nyingi, wakaniweka kwenye chumba chenye mapazia, kimya, peke yangu. Mkojo ulikataa kutoka, wakautoa kwa mpira. Taya lilikuwa limefungwa kabisa, lakini nilikuwa na pengo mbele, farasi mmoja wa Iringa aliwahi kuning'oa jino kwa teke. Katika pengo hilo walipitisha mpira mwembamba, wakanilisha maziwa na uji. Yule farasi nilikuwa nimemlaani miaka mingi, na teke lake ndilo lililonilisha.

Aliyenihudumia alikuwa dresa mmoja, yaani mfunga vidonda wa hospitali, Anselmi, kijana mpole aliyetembea bila viatu ili asinishtue. Siku ya tatu au ya nne, Daktari alisimama naye kando ya kitanda changu akimfundisha kwa sauti ya chini. Nilisikia kila neno.

"Hii ni pepopunda," alisema. "Mdudu wake anakaa kwenye mavi ya farasi, anakaa kwenye udongo. Moto kidogo haumuui. Ukimfungia ndani ya kidonda, anafurahi."

Anselmi akauliza, "Ndiyo ile ya watoto wachanga, Daktari?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Wanapakwa majivu na mavi kwenye kitovu. Siku ya sita, ya saba, mtoto anashindwa kunyonya. Mdomo unakaza. Siku ya nane amekufa."

Wakatoka. Mimi nikabaki na maneno yale.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mzima, analia kwa nguvu. Siku ya sita aliliacha ziwa. Midomo yake ilijikunja kama anayetaka kupiga mluzi, ngumi zake zikakaza, na tulipomgusa alijinyoosha akawa mgumu. Tulisema amerogwa. Wengine walisema ni laana ya wanyama wangu. Na kitovu chake kilipakwa majivu. Mama mkwe alitaka kutumia ya jikoni, kama desturi ilivyokuwa. Mimi nikamwambia hapana mama, ya bandani kwangu ni laini zaidi, yanakausha haraka. Nikamletea mwenyewe, kwenye kikopo. Na kwa huyu wa pili nilikuwa nimeshamletea kikopo kingine, juma lile lile kabla ya kuanguka.

Nilitaka kupiga kelele, taya halikufunguka. Kuandika sikujua zaidi ya herufi za jina langu. Skola alikuja kila siku, tumbo lake limeshuka, anasimama mlangoni kwa sababu hawakumruhusu aingie. Nilipomwona nilijitahidi nitoe hata neno moja, na kujitahidi kule kukanitia mshtuko mkubwa. Anselmi akamwondoa taratibu, "Dada, ukija anashtuka. Subiri kwanza nyumbani." Kila nilivyotaka kumwonya, ndivyo walivyomweka mbali nami. Nawaambieni kweli, kufa sikukuogopa siku hizo. Niliogopa kupona na kurudi kwenye kaburi la pili.

Siku zikaenda. Jasho lililowesha godoro, mgongo ulichubuka, nilikonda mpaka mbavu zikahesabika. Lakini mishtuko ilianza kupungua. Asubuhi moja, Anselmi akiniosha uso, taya liliachia kiasi cha unene wa kidole. Niliyasukuma maneno katikati ya meno.

"Skola. Majivu. Kitovu. Wasipake."

Akaacha kitambaa ndani ya beseni. Akaniuliza polepole, "Majivu ya bandani?" Nikafumba macho kuitikia. Hakuuliza tena. Alimwambia Daktari, akachukua baiskeli ya hospitali, akaenda Katindiuka kwa mbio ambazo watu waliziongelea muda mrefu.

Alimkuta Skola amejifungua jana yake, mtoto wa kike. Na kitovu kilikuwa kimeshapakwa. Anselmi alinisimulia baadaye alivyomsalimia mama mkwe kwa adabu zote, "Shikamoo mama, Saisi ameweza kusema leo, anamhofia mtoto, na Daktari ameagiza mzazi na mtoto waje hospitali leo hii." Mama akakataa, akasema mzazi hatoki nje mapema hivyo. Skola ndiye aliyeinuka, damu bado inamtoka, akajifunga khanga na kusema, "Mume wangu hajasema neno tangu aingie kule. Kama la kwanza ni hili, naenda."

Walimwosha mtoto, wakamchoma sindano ya dawa ile ile niliyochomwa mimi. Daktari akasema, "Sasa tunangoja." Kila siku Skola aliruhusiwa kumleta mlangoni kwangu anyonye nikiona. Sikuangalia kitu kingine, niliangalia midomo yake tu. Siku ya sita alinyonya. Ya saba alinyonya kidogo akalala, nikaona dunia imeisha, kumbe alikuwa ameshiba. Siku ya nane alinyonya mpaka akapaliwa, akalia kwa hasira, mdomo wazi kabisa. Nililia kwa sauti, na mwili wangu haukushtuka.

Nilipoweza kusema vizuri nilimweleza Skola yote. Nikamwambia yule wa kwanza nilimuua mimi. Alimlaza mtoto mapajani. Kisha akasema, "Wewe uliyaleta, mama akayapaka, mimi nikamshika mtoto asicheze. Hatukujua, sisi watatu. Lakini mama usimwambie. Yeye ni mzee, hili litamvunja." Nikaahidi.

Nilijifunza kutembea upya, nimeshika vitanda vya wagonjwa wenzangu. Baada ya miezi minne hivi nilirudi bandani. Karani alinusa ule mguu, akasimama tuli. Sikumpanda siku hiyo, nilisimama juu ya kisanduku nikaweka mikono mgongoni mwake tu. Nilimpanda baadaye, kwa miaka miwili, na kabla ya kugusa mtoto nilinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Desi alikufa kwa ugonjwa wa ndorobo. Nikampandisha Karani milimani kwa mtu anayejua kufuga, kwa sababu bonde hili si lao, na kumpenda mnyama si kumng'ang'ania. Hilo pia liliniuma.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru Daktari na Anselmi, na binti yetu tulimwita Anselma. Mkichomwa na mti, msumari au jembe, nendeni mkaoshwe kidonda, hata kikiwa kidogo, hata kama mmetibu farasi mia. Na kitovu cha mtoto msikipake kitu. Kikatwe kwa wembe uliochemshwa, kiachwe kikauke chenyewe.

Mama mkwe alifariki mwaka jana, na ahadi yangu niliitunza. Baada ya Anselma kuzaliwa aliendelea kuitwa na jirani zetu wanaojifungua. Alikwenda kila mara, akawashika mkono, akawaleta hapa hospitali, na kitovu cha mtoto hakukigusa tena maisha yake yote. Mimi na Skola hatukumwambia kitu.