Sakafu ya Dakota

Wiki ya tatu tangu tuhamie London kutoka Nairobi, nilikwenda karakana moja ya ndege huko Hounslow kuomba kazi ya ufundi. Ndani nikaikuta Dakota kuukuu, ile ndege iliyobeba askari na mizigo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Moyo uliruka kwa furaha, maana baba yangu alizipigia ndege hizo ribiti, pini za kuunganishia mabati.

"Wewe Mhindi, panda uniletee nyundo kule mbele. Usipotee njiani!" msimamizi akasema. Wenzake wakaanza kucheka mapema.

Nilijua walichongojea. Dakota ikitua hukalia mkia, sakafu yake inakuwa kilima, na mgeni huteleza. Nikainama kama baba alivyonionyesha, nikapanda, nikarudi na nyundo.

"Nani alikufundisha?" msimamizi akauliza.

"Baba. Alizitengeneza wakati wa vita."

"Muongo! Vita ile ilikuwa yetu. Nyinyi mmekuja kula tu."

Akanipokonya nyundo, akanitupia ufagio. Ufundi wangu ukaishia hapo. Nikapanda tena na kuanza kufagia kutoka chumba cha rubani, vumbi likateremka lenyewe mpaka mlango wa nyuma, aliposimama msimamizi.